Alama za mtu mmoja au lengo la timu? Ulinganisho kwa wakuu wa vitengo Arusha na Moshi

Mwaka wa fedha ukianza Julai, mkuu wa kitengo kwenye halmashauri hana hiari ya kujaza PEPMIS, mfumo wa kielektroniki wa serikali wa kupima utendaji wa mtumishi, au kuiacha. Mfumo upo, watu wanauingia kupitia ESS, mlango wa mtandaoni wa watumishi, kila mtumishi anaweka kazi zake na msimamizi anaziidhinisha. Anayeuliza leo kama utendaji upimwe au usipimwe amechelewa. Kilichobaki mikononi mwa mkuu wa kitengo ni namna ya kuupima. Malengo ayagawe kila mtu na lake, au aweke lengo moja kwa timu nzima? Ategemee hesabu, au mazungumzo? Atangaze nani wa kwanza na nani wa mwisho, au majina yabaki ofisini kwake? Uamuzi huu haumo kwenye waraka wowote, lakini ndio unaosababisha watu wa ofisi moja wasaidiane au wafichane.

Naandika nikiwafikiria walio Jiji la Arusha, Manispaa ya Moshi na halmashauri za jirani kama Meru, Hai na Moshi vijijini. Msimamo wangu nauweka mapema ili usome ukijua nimesimama wapi: kazi inayotenganishika mpe mtu lengo lake, na kazi inayopita mikono mingi lengo liwe la mikono yote. Mitego ipo kila upande, nami nitakaa zaidi kwenye ile ambayo nimeona watu wakiipuuza.

Siri, OPRAS, PEPMIS

Kabla ya 2004 kulikuwa na ripoti ya siri. Bosi anaandika, bahasha inafungwa, mtumishi hajui ameandikiwa nini mpaka aone wenzake wamepandishwa daraja yeye amebaki. Hakukuwa na alama za kugombania, lakini majungu yalistawi, kwa sababu mtu asiyejua ameandikiwa nini huanza kukisia aliyemchongea. Imani kati ya bosi na wa chini yake ilitegemea tabia ya bosi huyo tu, basi.

Julai 2004 ikaja OPRAS, ambayo kwa Kiswahili cha serikali iliitwa MWAMTUKA, Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi. Nyuma yake kulikuwa na Sera ya Menejimenti na Ajira ya 1999 na Sheria ya Utumishi wa Umma ya 2002. Msimamizi na msimamiwa wanakaa, wanakubaliana malengo, wanapitia nusu mwaka, na mwisho wa mwaka kila mmoja anaweka alama yake kabla ya kufikia ya pamoja, kuanzia 1 ambayo ni bora kabisa hadi 5. Fomu iliacha hata nafasi ya shahidi. Na ilikuwa na sehemu nzima ya sifa za mtumishi: mahusiano kazini, kusikiliza, uadilifu, kumjali mteja. Kwenye karatasi, sijaona mfumo uliofikiria imani kuliko huo.

Ofisini hali ilikuwa nyingine. Wengi walijaza fomu pale tu kupanda daraja kulipokaribia, wakinakili malengo ya mwaka uliopita. Wasimamizi walifunika kombe mwanaharamu apite, kila mtu akapata 2. Sikubali kwamba ulikuwa uvivu mtupu. Msimamizi anayempa mtu 4 Juni anajua Julai atamhitaji mtu huyohuyo amwandalie taarifa ya kamati ya fedha. Na wakati mwingine lengo halikufikiwa kwa sababu fedha za matumizi mengineyo, zile kila mtu anaziita OC, hazikutoka. Utampaje mtu alama mbaya ya ziara za vijijini ambazo gari lake halikuwa na mafuta?

PEPMIS, iliyoanza kutumika mwaka wa fedha 2023/24 sambamba na PIPMIS inayopima taasisi nzima, inaziba mwanya wa kujaza fomu za miaka mitatu kwa mchana mmoja. Kwa mtumishi wa chini hii ni kinga halisi: bosi mwenye kinyongo hawezi tena kudai hukufanya kitu wakati kazi imeingizwa na yeye mwenyewe ameiidhinisha. Kwenye imani ya juu na chini, mfumo mpya unawashinda wa zamani wote wawili.

Hasara yake iko kwa walio ngazi moja. Kazi isiyoandikwa ni kama haikufanyika. Kumfundisha kijana mpya wa masijala namna ya kufungua jalada, kumshikia mwenzako dawati akiwa msibani, kumpigia wa idara nyingine kumwambia barua yake imekosewa namba ya kumbukumbu, yote haya hayana mstari. OPRAS ilikuwa na ukurasa uliouliza kama mtu anaelewana na wenzake, hata kama majibu yalikuwa ya kubuni. Mkuu wa kitengo akitaka msaada uhesabiwe, lazima auandike yeye kama kazi, na ampe mtu muda wa kuufanya.

Wakusanya ushuru: hapa lengo la mtu lina maana

Chukua mkusanya ushuru mwenye mashine ya POS kwenye geti la soko la Kilombero. Kazi yake inaanza na kuisha mikononi mwake. Kila risiti ina saa na kiasi. Ukimpa lengo lake mwenyewe hajamkanyaga mtu, na ukimwekea lengo la pamoja na wenzake kumi utampa mtegeaji mahali pa kujificha. Mtu aliyesimama juani tangu alfajiri atajua haraka sana kwamba mwenzake aliyekuja saa nne anapata alama ileile, na siku hiyo ndiyo imani inapoanza kwisha.

Ila hata hapa kuna shimo. Mageti hayalingani. Mwenye geti la malori hawezi kulinganishwa na aliyepangiwa upande wa mama wa mchicha. Ukiwapanga kwa jumla ya shilingi utazalisha mambo mawili: kugombania vituo, na watu kubaniana taarifa. Anayejua lori la vitunguu kutoka Mang'ola litaingia usiku hatamwambia wa zamu inayofuata, atalisubiri mwenyewe. Halmashauri inapoteza, na hakuna aliyevunja kanuni yoyote.

Ningefanya hivi: lengo la mtu, lakini alinganishwe na historia ya kituo chenyewe, na vituo vizunguke kwa ratiba inayojulikana. Halafu kiasi kidogo cha alama kitokane na mapato ya soko zima, ili habari za lori ziwe na faida kwa wote. Pale Mbuyuni, Moshi, siku za gulio tofauti kati ya kona na kona ni kubwa, na bila mzunguko hutapata lengo ambalo watu wataliona la haki hata ukipiga hesabu usiku kucha.

Maafisa ugani wako karibu na kundi hili. Kila mmoja ana kata yake na wakulima wake. Tahadhari ni ileile: wa kata ya juu mlimani, yenye migomba na kahawa na nyumba zilizobanana, atawafikia kwa wiki watu ambao wa tambarare huwafikia kwa mwezi. Walinganishe na kata zao.

Kibali cha ujenzi: hapa lengo la mtu linaharibu

Sasa chukua jalada la mtu anayetaka kujenga Njiro, au Soweto ya Moshi. Linapokelewa, linapita kwa mipango miji, mhandisi, afisa afya, pengine mazingira, kisha linarudi kwa anayeandika kibali. Mwombaji hajali nani alilishika siku ngapi, anataka kibali.

Mpe kila mmoja lengo lake, tuseme idadi ya majalada kwa mwezi, na uangalie kitakachotokea. Majalada mepesi yatatangulia. Magumu, yenye mpaka wa utata au kiwanja kilicho jirani na mto, yatashuka chini ya rundo. Jalada likirudishwa kwa mwombaji kwa kasoro ndogo ambayo simu moja ingeimaliza, aliyelirudisha amelishughulikia, amepata namba yake. Mhandisi aliyeona kosa la mipango miji hatalitaja mapema, kwa kuwa kulitaja kunamla muda wake na kumpunguzia mwenzake alama, na mwenzake atalipiza wiki ijayo. Mwisho wa robo kila mtu amefikia lengo, na mwombaji bado anapanda ngazi za ofisi.

Watu hawa si wabaya. Wamefanya walichoambiwa. W. Edwards Deming, yule Mmarekani aliyesikilizwa sana Japani baada ya vita, alitumia miaka mingi kueleza kwamba kumpima mmojammoja ndani ya kazi ya mnyororo kunaleta hofu na kuua ushirikiano, na mabosi wengi walimpongeza kisha wakaendelea kama kawaida.

Lengo la timu linabadilisha hesabu. Liandike hivi: majalada yote ya robo hii yafikiwe uamuzi ndani ya muda uliotajwa kwenye Mkataba wa Huduma kwa Mteja. Mkataba huo taasisi za umma zinao, na sehemu nyingi umebandikwa ukutani pale wananchi wanapokaa kusubiri. Kwa kuwa PEPMIS inadai mtu mmojammoja, mstari huo huo uingie kwenye orodha ya kila aliye kwenye mnyororo, pamoja na mkuu wao. Ghafla mhandisi ana sababu ya kuvuka korido na kusema, "Mkuu, hii ramani ina kasoro hapa, tumpigie leo mwenye nyumba asisafiri bure."

Hilo la mkuu kuwa na mstari uleule nalisisitiza. Mwaka 2011 mkoani Pwani yalijaribiwa malipo kwa matokeo kwenye afya ya mama na mtoto. Bonasi ilitolewa kwa kituo na kugawanywa kwa wahudumu, na wasimamizi wa wilaya na mkoa nao walipata yao kulingana na vituo walivyovisimamia. Akina mama waliojifungulia vituoni waliongezeka. Yapo mengi ya kujadili kuhusu jaribio lile, lakini mpangilio wake ni wa akili: msimamizi ambaye alama yake inatoka kwa wasimamiwa wake hana faida ya kuja na daftari la makosa. Anakuja akiuliza dawa zimefika.

Kutegea kupo, tusidanganyane. Timu ya watu watano hadi tisa inamjua mtegeaji wake, na mara nyingi inamsema kabla ya bosi. Timu ya watu thelathini haimjui. Kwa hiyo lengo la timu liwekwe kwa kundi ambalo kila mtu anaona kazi ya mwenzake ikipita mbele yake. Na matokeo ya timu yatajwe hadharani, mazungumzo ya mtu mmoja yabaki faragha. Ukigeuza, yaani umseme mtu mbele ya wenzake na kuficha takwimu za kitengo, umepata hasara za pande zote mbili.

Kutangaza wa kwanza na wa mwisho

Hapa kwetu kuna ushahidi. Matokeo Makubwa Sasa, mpango wa 2013 ulioigwa kutoka Malaysia, ulipanga shule kwa matokeo ya mtihani na kuzipa rangi, kijani, njano na nyekundu. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha shule zilizokuwa mkiani wilayani kwao zilipandisha ufaulu. Ulionyesha pia kwamba shule hizo zilipunguza idadi ya watoto waliofanya mtihani wa darasa la saba. Mwalimu mkuu anayeogopa rangi nyekundu anajua mtoto gani atamshusha.

Majirani zetu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye makao hapa Arusha, wamekwenda mbali zaidi. Kenya ilianza mikataba ya utendaji kwa mashirika 16 ya umma mwaka 2004, na kwa miaka kadhaa taasisi zikapangwa kwa nafasi. Rwanda ina imihigo, mikataba yake ya utendaji, tangu 2006, mameya wa wilaya wakitia saini na Rais. Kasi inaonekana. Na presha ya kupika takwimu inaonekana pia.

Kupanga taasisi na kupanga watu ni vitu viwili. EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, hutoa kila mwaka ripoti inayolinganisha mamlaka za maji, na sioni ubaya mtu wa Moshi akijua yuko wapi mbele ya Arusha au Tanga. Watumishi ndani ya mamlaka moja wanakuwa upande mmoja. Tatizo ni kuleta jedwali hilohilo ndani, mafundi bomba wa zamu moja wapangwe kwa nafasi. Fundi wa mita aliye wa pili hatamwazima spana aliye wa kwanza.

Na mfanyakazi hodari wa Mei Mosi? Iacheni. Sherehe za kitaifa za 2024 zilikuwa hapa, uwanja wa Sheikh Amri Abeid, na nani anachukia kuona mtu wa kada ya chini akipewa mkono? Ugomvi unatoka kwenye uteuzi. Ofisi nyingine wanapeana kwa zamu, jambo ambalo wengi hulicheka, ila angalau halina kinyongo. Ukitaka tuzo yenye maana, wenzake ndio wapige kura, na swali liwe moja: nani amekusaidia kumaliza kazi yako mwaka huu?

Kwa haraka, ubavu kwa ubavu

| Kazi | Lengo la mtu | Lengo la timu | Ningechagua |
|---|---|---|---|
| Ushuru wa soko na stendi | Linapimika, linaleta ushindani wa vituo | Linaficha watoro | La mtu, vituo vikizunguka |
| Vibali vya ujenzi | Majalada magumu yanaachwa | Mnyororo unasukumana mbele | La timu |
| Wodi | Kukabidhiana zamu hakuhesabiwi | Linalinda mgonjwa usiku | La timu, mazungumzo ya mtu faragha |
| Ugani | Sawa, kwa historia ya kata | Halina maana kubwa | La mtu |
| Mikopo ya asilimia 10 | Vikundi hewa | Vikundi vichache, marejesho bora | La timu, bila shaka |

Mstari wa mwisho unahitaji maneno. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile ya nne-nne-mbili kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ilisimamishwa 2023 kabla ya kurudi kwa utaratibu mpya. Ukimpima afisa maendeleo ya jamii kwa idadi ya vikundi vilivyopata fedha, utapata vikundi. Atakayefuatilia marejesho ni mwingine, na mhasibu anayeona hayaingii ni mwingine tena. Walete wote watatu kwenye mstari mmoja wa marejesho, na kikundi chenye wanachama wasiojuana kitashtukiwa kabla hakijasaini.

Hesabu bila vifaa

Lipo jambo ambalo hakuna mpangilio wowote kati ya hii unaoliponya. Jaribio la elimu la KiuFunza katika shule 350 za wilaya 10 lilipeleka ruzuku kwa baadhi ya shule, motisha kwa walimu wa nyingine, na zote mbili kwa kundi la tatu. Ruzuku peke yake haikuinua matokeo. Motisha peke yake ilitoa matokeo ya mashaka. Zikiwa pamoja, watoto walijifunza. Kwa mkuu wa kitengo hii ina maana moja ya kiofisi: lengo lililowekwa kwa kutegemea OC lipitiwe upya Desemba, kwa maandishi, OC ikiwa haijatoka. Msimamizi anayengoja Juni kisha akaandika "lengo halikufikiwa" amemwambia mtumishi wake kwamba makubaliano ya Julai yalikuwa ya upande mmoja. Mwaka unaofuata mtumishi huyo ataweka malengo mepesi kuliko uwezo wake, na sitamlaumu.

Kama bado hujui kazi yako ni ya kutenganishika au ya mnyororo, usianze na muundo wa idara. Chukua jalada lililokaa muda mrefu kuliko yote, fungua kurasa za ndani, soma dokezo baada ya dokezo na uandike majina ya waliolishika. Likiwa na jina moja, mpe mwenye jina lengo lake. Yakiwa matano, hiyo ndiyo timu, hata kama wawili wako chini ya mkuu wa idara nyingine. Huyo mkuu mwenzako mfuate mkakubaliane kabla ya Julai, maana mstari wa pamoja ukiingizwa kwenye PEPMIS na upande mmoja tu, watu wako watabeba alama za ucheleweshaji wa watu wasio na sababu yoyote ya kuharakisha.